Gamba na Gwanda: Sitiari Iliyowageukia Wenyewe

Sisi wanafunzi wa fasihi tumezoea kuhakiki tamthiliya na ushairi, tukaziacha nguo za wanasiasa zipite hivi hivi. Ati hizo si kazi za sanaa! Makala haya yanapinga. Vazi la mwanasiasa lina fani, lina maudhui, tena lina hadhira kubwa kuliko diwani yoyote.

Hebu tuanze na gamba. Mwaka 2011 CCM ilitangaza kujivua gamba, yaani kuachana na viongozi waliotuhumiwa ufisadi. Sitiari hiyo ilikuwa na ufa: nyoka hujivua gamba akabaki nyoka, tena anayeng'aa zaidi. Chadema waliuona ufa huo. Mwaka 2012 wakaja na kaulimbiu yao: vua gamba, vaa gwanda.

Kifani, gwanda lilifaulu. Kombati ya kaki haina tai wala mbwembwe. Humchora mvaaji kama mtu aliye kazini. Kwa Tarime, ambako wananchi na polisi wamegongana mara nyingi kwenye mgodi wa North Mara, nguo ya kiaskari mwilini mwa mpinzani ilisema jambo zito: kuamuru si haki ya dola peke yake. Mwaka 2015 Chadema ilichukua Tarime Vijijini kwa John Heche, Tarime Mjini kwa Esther Matiko, na Serengeti kwa Marwa Ryoba.

Kimaudhui, hata hivyo, kaulimbiu ilijikwaa. Gamba huota mwilini; gwanda hushonwa na fundi. Kumwambia mtu "vua, vaa" ni kumfundisha kwamba kubadili siasa ni kubadili nguo. Somo likaeleweka, ila kinyume! Mwaka 2018 Ryoba alihamia CCM. Mwaka huohuo Mwita Waitara, aliyekuwa mbunge wa Ukonga kwa Chadema, alifanya vivyo hivyo. Mwaka 2020 akasimama Tarime Vijijini kwa tiketi ya CCM dhidi ya Heche, mwenzake wa jana, na akatangazwa mshindi.

Kuna watakaosema nguo haina kosa, mbona Heche hakuhama? Kweli kabisa, na hapo ndipo penye hoja yetu. Nyerere, mwana wa Butiama mkoani humohumo, alivaa suti ya Chou En-lai isiyo na tai. Lakini Oktoba 1966, wanafunzi wa Chuo Kikuu walipoandamana kupinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa, alikata mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Suti ile ilipata maana kutokana na kilichomgharimu mvaaji. Wapo waliomwiga mshono wakauacha mshahara. Kwao ilibaki kitambaa tu.

Basi, mhakiki asiishie kuuliza vazi linasema nini. Aulize pia mvaaji amelilipia nini. Wahenga walishasema: nguo ya kuazima haisitiri matako.