Chumba Kilichopimwa Msituni

Vyumba vya nyumba za zamani katika Mji wa Kale wa Mombasa ni virefu na vyembamba. Pita Ndia Kuu, pita Mkanyageni au Kibokoni, ubishe hodi penye nyumba ambayo haijavunjwa ndani: urefu wa chumba utaukuta umeachiwa upendavyo, lakini upana hauzidi sana mita 3. Tajiri alimzidi jirani yake kwa wingi wa vyumba, kwa ghorofa na kwa nakshi za mlango. Kwa upana wa chumba wote walikuwa sawa. Mgeni hudhani ufinyu wa kisiwa ndio uliowabana wajenzi. Kumbe uliowabana ni mti waliokuwa wakiutegemea, na ukishaujua mti huo, sehemu kubwa ya mji huu inajieleza.

Mti wenyewe ni mkoko, na nduguye muia. Ulikatwa katika misitu ya pwani nzima, kuanzia Lamu hadi delta ya Rufiji, na mwingine ulikuwa karibu kabisa, katika hori za Tudor na Port Reitz zinazokizunguka kisiwa. Wakataji waliupanga kwa unene, na kila unene ulikuwa na jina lake na bei yake: fito, pau, mazio, boriti, nguzo. Uliuzwa kwa korija, yaani ishirini ishirini. Boriti ndiyo iliyobeba ghorofa, nayo ni gogo la kipenyo cha sentimita 11 hadi 13 hivi, zito, gumu, lenye ganda lililojaa tanini, na likiwa bichi huzama majini.

Hapa hesabu ndiyo inayoamua. Boriti iliyolala juu ya kuta mbili hupinda katikati. Ukirefusha nafasi kati ya kuta kutoka mita 3 hadi mita 4, uzito wa kila mita ya sakafu ukabaki ule ule, mkazo ndani ya mti huongezeka karibu mara 1.8, na kupinda kwake huzidi mara 3. Mti wenyewe pengine ungevumilia, lakini sakafu iliyo juu yake ni ya mawe na chokaa, na sakafu ya namna hiyo haipindi, ikilazimishwa hupasuka. Ungeweza kutafuta gogo nene zaidi, kwa sababu ukakamavu wa mti hupanda haraka sana kipenyo kikiongezeka, ila mkoko wa unene huo ulionyooka mita 4 bila kombo haupatikani kila siku. Basi mafundi wakakaa kwenye kipimo ambacho msitu uliweza kuwapa mwaka hata mwaka. Majahazi yaliyopakia boriti na kurudi nazo Oman, Bahrain na Kuwait kwa upepo wa kusi yalikipeleka kipimo hicho ng'ambo, ndiyo maana nyumba za zamani za Ghuba nazo zina vyumba vyembamba.

Ghorofa lilijengwa hivi. Boriti zilipangwa kwa nafasi ndogo, ncha zake zikazamishwa ndani ya kuta mbili ndefu. Juu yake vikalazwa vipande bapa vya jiwe la matumbawe, kila kipande kikiegemea boriti mbili. Halafu ukamwagwa mchanganyiko wa kokoto za matumbawe na chokaa, nao ukapigiliwa. Kupigilia kulikuwa kazi ya watu wengi, waliojipanga safu wakiwa na vipande vya mbao, wakipiga kwa mpigo mmoja na kuimba, siku baada ya siku. Kila pigo lilitoa hewa na maji yaliyozidi, likazisogeza chembe karibu karibu, na chokaa ikashika bila kuacha nyufa kubwa. Sakafu iliyopigiliwa sawasawa inang'aa na ni baridi chini ya unyayo hata saa nane mchana.

Ukuta ni habari nyingine, na hapa wageni wengi hupita bila kutazama kwa sababu plasta imeuficha. Mwenye bahati atamkuta fundi amebandua plasta ya zamani. Atakachokiona ndani ni mawe yasiyo na umbo, makubwa kwa madogo, yaliyochimbwa kwenye mwamba wa kale wa matumbawe ambao ndio kisiwa chenyewe, yakiwa yamelazwa katika udongo na chokaa kwa unene wa nusu mita hivi. Penye kona, penye fremu ya mlango na penye mihrabu utakuta jiwe la aina ya pili, laini na lenye vitundu vidogo vidogo kama sifongo. Hilo lilikatwa baharini likiwa hai. Likiwa bichi hukatika kwa shoka na msumeno, na likikauka huwa gumu. Hivyo fundi alilichonga mapema, akaacha hewa imalizie kazi.

Chokaa ilitoka katika matumbawe hayo hayo. Palijengwa tanuu ya magogo yaliyopangwa duara, juu yake zikarundikwa kokoto za matumbawe, moto ukawashwa. Moto ukifika karibu nyuzi 900, jiwe hutoa hewa ya kaboni iliyokuwa imefungwa ndani yake. Kinachobaki ni jiwe jepesi, kali, lenye kiu. Ukilimwagia maji huchemka lenyewe, likafumuka na kuwa unga au uji mweupe, ambao mafundi waliuacha ukae kwa muda mrefu kabla ya kuutumia. Ikishapakwa ukutani, chokaa hurudisha polepole ile kaboni kutoka hewani na kuwa jiwe tena. Mchakato huo huenda kwa miaka ndani ya ukuta mnene. Maji yakipenya kwenye ufa mwembamba huyeyusha chokaa kidogo na kuiangusha mbele, na ufa ukajiziba. Simiti ya kawaida haifanyi hivyo kwa kiasi hicho.

Kuna imani kwamba nyumba hizi ni baridi kwa sababu kuta zake ni nene. Nusu yake ni kweli. Ukuta mnene husaidia sana pale ambapo mchana ni moto na usiku ni baridi, lakini Mombasa tofauti ya mchana na usiku ni ndogo, na shida yetu kubwa ni unyevu wa hewa. Kinachomponya mkazi ni upepo. Vichochoro vyembamba huzuia jua kupiga chini, hivyo hewa ya njiani hubaki baridi kuliko ya juu ya paa. Dari ziko juu. Juu ya milango na madirisha kumeachwa matundu ya nakshi ili hewa ipite hata kukifungwa. Na roshani, ambazo kila mtalii huzipiga picha, zilikuwa chombo cha kazi. Roshani ya mbao iliyosimama juu ya vishikizo vilivyochongwa hutia kivuli ukuta wa chini na kuuingiza upepo wa pembeni katika chumba, na viunzi vyake humruhusu mama kutazama njia bila kuonekana. Nyingi zilijengwa mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20, biashara ilipopanda, reli ya kwenda bara ilipoanza kujengwa mwaka 1896, na maseremala na wafanyabiashara kutoka Gujarati na Kachi walipokuja na mikono yao na msaji wao. Duka chini, nyumba juu. Kwa hiyo mji huu haukuiga Lamu, ambako nyumba huugeuzia mtaa mgongo. Wa Mombasa ulijifungua mbele.

Msitu kuujenga mji si jambo la pwani yetu peke yake. Johann Ludwig Krapf, mmisionari aliyefika Mombasa mwaka 1844, alizaliwa Derendingen, kilichokuwa kijiji cha jirani na Tübingen kusini mwa Ujerumani. Tübingen ni mji mdogo wa kale ulioegemea mto Neckar, vilima vya miti vikiwa nyuma yake, na msitu wa Schönbuch hauko mbali. Nyumba zake za zamani ni mifupa ya mbao inayoonekana nje, mapengo yakijazwa udongo uliochanganywa na makapi ya nafaka, kisha chokaa. Magogo yaliteremshwa kwa mto kama boriti zetu zilivyoletwa kwa jahazi. Krapf alitoka katika mji uliopimwa na mwaloni akaingia katika mji uliopimwa na mkoko. Tena miji hii miwili imeugua ugonjwa mmoja: Wajerumani nao, katika karne ya 20, walipaka simiti na rangi zisizopitisha hewa juu ya nyumba za mbao na udongo, mbao zikaoza ndani huku nje kukipendeza, na wahifadhi wao wakalazimika kurudi kwenye udongo na chokaa.

Ugonjwa wenyewe huku kwetu unakwenda namna hii. Ukuta wa matumbawe hufyonza maji ya ardhini, yenye chumvi, na hufyonza mvua ya masika. Ukiwa umevaa plasta ya chokaa, maji hayo hutoka kupitia uso wake na kupotea hewani, na yakitoka huupoza ukuta, kama mtungi unavyopoza maji. Chumvi hubaki kwenye plasta, ambayo baada ya miaka huchakaa na kubadilishwa. Plasta ya chokaa imewekwa ichakae ili jiwe lisichakae.

Sasa mwenye nyumba anaona madoa na vumbi jeupe chini ya ukuta. Fundi anamshauri apige simiti, ngumu, ya kudumu. Simiti inafunga uso. Maji hayapungui chini, yanakosa tu pa kutokea, kwa hiyo yanapanda. Yalikuwa yakiishia magotini, sasa yanafika kifuani, halafu darini. Chumvi inaganda nyuma ya plasta, ndani ya vitundu vya jiwe lenyewe. Kila ikikauka inapanuka na kulisaga jiwe. Miaka michache baadaye plasta inasikika tupu ukiigonga, kisha inaanguka kipande kizima ikiwa imebeba uso wa jiwe mgongoni. Fundi anapiga simiti nyingine, nene zaidi.

Hatari kubwa iko juu, mahali macho hayafiki. Ncha ya boriti imezama ndani ya ukuta huo. Katika ukuta unaopumua, ncha hulowa na kukauka, na mkoko huweza kuvumilia hivyo kwa vizazi. Katika ukuta uliofungwa, ncha hukaa na unyevu mwaka mzima. Kuvu huanza, mchwa hufuata. Katikati ya chumba boriti bado ni nzima, imepakwa rangi, inapendeza. Sentimita 20 za mwisho zimekuwa unga. Nyumba ya Mji wa Kale inapoporomoka mvua ikinyesha, watu husema ilizeeka. Nyingi hazikufa kwa uzee.

Wapo wanaodhani dawa ni kutoa boriti zote na kumwaga zege lenye nondo. Zege hilo ni zito, na ukuta wa kokoto na udongo haukujengwa kubeba uzito uliobanwa sehemu moja. Nondo zilizo karibu na bahari, ndani ya ukuta uliojaa chumvi, huota kutu, na kutu ikivimba hupasua zege. Na hasara nyingine haina hesabu: chumba kikishaachiliwa na boriti, mwenye nyumba hubomoa kuta za kati ili apate ukumbi mpana, na mpango wa nyumba ukatoweka huku uso wa nje ukibaki na roshani yake.

Hapo ndipo nina ugomvi na namna tunavyohifadhi. Eneo la uhifadhi lipo, na ofisi ya uhifadhi iliyo chini ya Makumbusho ya Taifa ya Kenya imefanya kazi ya miaka mingi ambayo bila hiyo Ndia Kuu ingekuwa maghorofa ya vioo. Lakini mazungumzo mengi huishia kwenye sura: urefu wa jengo, roshani, mlango wa mbambakofi. Kibali cha ukarabati kingeanza na maswali mawili: plasta ni ya nini, na ncha za boriti zimekaguliwa? Kukagua si kazi ngumu. Fundi hugonga boriti karibu na ukuta na kusikiliza, halafu huchoma kwa bisibisi. Ikiingia, plasta hufunguliwa, kipande kilichooza hukatwa, boriti mpya hulazwa ubavuni au yote hubadilishwa, na tundu lake ukutani huachiwa nafasi ya hewa badala ya kujazwa simiti.

Vifaa ndivyo vinavyobishaniwa. Matumbawe hai hayawezi kukatwa tena, na ni haki. Hifadhi ya bahari ya Mombasa ilianzishwa mwaka 1986, na miamba ina taabu ya kutosha. Lakini nyumba zilizobomoka zimeacha mawe ambayo sasa hutupwa kama kifusi cha kujazia mashimo, na chokaa ya kiwandani inapatikana kwa mfuko. Mikoko ni suala gumu zaidi. Serikali ilizuia kuuza boriti nje mwaka 1982, na amri ya Februari 2018 ya kusimamisha ukataji wa miti ikawafikia hata wakataji wa Lamu. Naelewa sababu zake. Hata hivyo, tazama kiasi kinachohitajika. Chumba cha urefu wa mita 8, boriti zikiachana sentimita 30 kutoka kati hadi kati, kinataka boriti 27 hivi, yaani korija moja na saba za ziada, na hizo zikilazwa katika ukuta wa chokaa hazitaguswa tena mpaka wajukuu wa mwenye nyumba wawe wazee. Mgao mdogo wa kila mwaka, wa ukarabati wa nyumba zilizosajiliwa peke yake, ukitoka katika maeneo yanayopandwa upya na kukatwa kwa zamu, hautaimaliza mikoko ya pwani hii.