Kisu cha mchungaji na koili ya Pupin: kitabu kizuri chenye upungufu mkubwa

Kama umekulia Itilima, Meatu au hapa kwetu Bariadi, na ukachunga ng'ombe walau msimu mmoja, kuna sehemu ya kitabu cha Mihajlo Pupin utaisoma huku unatabasamu. Pupin alizaliwa Idvor, kijiji kilichopo Serbia ya leo. Utotoni aliwekwa na wenzake kulinda ng'ombe usiku, karibu na mashamba ya mahindi. Giza totoro, wezi wapo, na ukipiga kelele umejitangaza. Basi watoto wale wanachomeka kisu ardhini, mmoja anagonga mpini, mwingine kule mbali amelaza sikio chini, anasikia. Pupin akagundua kitu: ardhi ngumu ya malisho inapitisha sauti vizuri, shamba lililolimwa linaimeza.

Sisi Usukumani udongo tunaujua kwa majina: luseni wenye mchanga, mbuga mweusi unaonata, ibambasi mgumu kama saruji. Hebu kiangazi hiki chomeka kisu kwenye ibambasi, mwambie mdogo wako alaze sikio hatua hamsini mbele, ugonge. Kisha rudia kwenye shamba la pamba lililotifuliwa juzi. Mwalimu wa fizikia akikuuliza sauti inasafirije kwenye yabisi, utakuwa na la kusema.

Kitabu chenyewe kinaitwa From Immigrant to Inventor, kilitoka 1923 na mwaka uliofuata kikapata tuzo ya Pulitzer. Ni maisha ya kijana aliyeshuka New York mwaka 1874 akiwa na senti tano mfukoni, akafanya vibarua, akasoma Columbia, akaenda Berlin kwa shahada ya udaktari, akarudi Columbia kufundisha. Sura za mwanzo nazipa alama zote. Tatizo langu linaanza pale anapofika kwenye koili, uvumbuzi uliompa jina na pesa.

Mkoa wetu ulianzishwa 2012, simu za mkononi zikiwa zimeshatawala, kwa hiyo wengi wenu simu ya waya mmeiona kwenye picha tu. Ngoja nieleze shida ilikuwa wapi.

Nyaya mbili za simu zikienda sambamba zinageuka kapasita. Kila kilomita inaongeza uwezo wa kuhifadhi chaji, na kapasita hiyo inameza kwanza mitetemo ya haraka, ile inayobeba "s", "f" na "sh". Sauti nzito inapita, nyembamba inabaki njiani. Ukiwa mbali unamsikia mwenzako kama anaongea akiwa ndani ya mtungi. Nyaya tupu za juu ya nguzo zilikuwa na nafuu kidogo kwa sababu zimeachana. Balaa lilikuwa kwenye kebo, ambamo jozi nyingi za nyaya zimebanwa pamoja.

Dawa ilipatikana kwenye karatasi kwanza. Oliver Heaviside, Mwingereza aliyeacha shule akiwa na miaka 16 na kufanya kazi ya telegrafu, alionyesha kwa hesabu mwaka 1887 kwamba ukiongeza indaktansi (ile L yenu ya kidato cha sita) mpaka R/L ilingane na G/C, sauti zote zinasafiri kwa mwendo mmoja na kufifia kwa kiasi kimoja. Sauti inafika imepungua nguvu, ila haijaharibika. William Preece, mtaalamu mkubwa wa umeme wa Posta ya Uingereza, alikuwa anaamini kinyume chake, kwamba indaktansi ndiyo adui. Unaweza kukisia nani alisikilizwa. Heaviside hakuchukua hata hataza, yaani ile haki ya kisheria ya mvumbuzi.

Sasa chukua kamba ya katani ya kufungia ndama. Funga ncha moja kwenye mti, ivute kiasi, itikise. Kamba nyepesi wimbi linafia njiani. Kamba nzito linafika mbali zaidi. Huna kamba nzito? Funga vijiwe kwenye hiyo nyepesi, kimoja kila baada ya hatua fulani. Vijiwe hivyo ndivyo koili. Ila ukivitenganisha mno, wimbi linagonga kijiwe na kurudi lilikotoka. Swali lote la kihandisi lipo hapo: umbali gani?

Pupin anasema jibu lilimwanzia likizoni Uswisi mwaka 1894, akiwaza tatizo la kale la Lagrange kuhusu uzi uliofungwa vizito. Simulizi tamu, na mtu anayekumbuka kisu cha Idvor utamwamini kirahisi. Tatizo ni kwamba wakati huohuo George Campbell, mhandisi aliyeingia kampuni ya simu ya Bell mwaka 1897, alikuwa anakokotoa jambo hilohilo. Kufikia 1899 alikuwa na hesabu ya umbali wa koili, na Mei 1900 laini yenye koili zake ilikuwa inafanya kazi Boston. Pupin aliomba hataza Desemba 1899, akaipata Juni 1900. Kampuni ikainunua. Mvutano wa nani alitangulia ulikwisha 1904, Pupin akashinda, na kwa miaka iliyofuata akalipwa zaidi ya dola 400,000.

Sisemi Pupin ni mwizi. Alifanya majaribio yake, nadharia yake ilikuwa halali, na makaratasi yake yaliwahi. Ninachokataa ni sisi kusoma kitabu chake kama historia ya koili. Heaviside na Campbell hawapati mle nafasi wanayostahili, na kitabu kinajengwa ili kila tukio la utotoni lielekee kwenye ushindi wa mtu mmoja. Kwa sisi wanafunzi hiyo ni hatari hasa. Mliowahi kufanya mradi wa kikundi mnajua: mmoja alikesha na hesabu, mwingine akasimama mbele siku ya maonesho, cheti kikaandikwa jina la aliyesimama. Mimi niliwahi kuwa aliyesimama, na sikurekebisha.

Ukiniuliza, heshima ya uhandisi nampa Campbell zaidi, na sababu yangu si ile tarehe ya Boston. Ni alichokifanya baadaye. Kwenye laini yenye koili kuna mpaka: mitetemo iliyo chini yake inapita vizuri, iliyo juu yake inakatwa kabisa. Wengine waliona kasoro ya kuvumilia. Campbell akaona kifaa kipya. Akapanga koili na kapasita kwa makusudi ili zikate anachotaka yeye, na huo ukawa kichujio cha mawimbi, alichopatia hataza mwaka 1917. Kwa vichujio waya mmoja uliweza kubeba mazungumzo kadhaa kwa mpigo bila kuchanganyika. Redio ya mzee nyumbani inachagua stesheni kwa ndugu wa sakiti hizo, na simu yako inatenganisha mawasiliano yake kwa vichujio pia.

Hapo ndipo sura ya Pupin inaponikatisha tamaa. Koili kwake ni mwisho wa safari, wakati kisayansi ndipo mlango ulipokuwa unafunguka.

Tupige hesabu ya nyumbani. Mfumo mmoja uliokuja kuenea Marekani uliweka koili kila mita 1,830 hivi. Kutoka Bariadi hadi Lamadi ni kama kilomita 70. Kebo ya aina hiyo ingehitaji koili 38, na mpaka wake ungekuwa karibu na mitetemo 3,400 hadi 4,000 kwa sekunde. Kwa mtu kuelewa anachoambiwa, hiyo inatosha kabisa. Ndiyo maana sauti ya simu ya waya haikuwahi kufanana na sauti ya mtu aliyekaa mbele yako.

Lakini ukipitisha kitu kingine humo unakwama. Miaka ya 1990 wahandisi walipotaka kupeleka intaneti ya kasi kwenye nyaya zilezile za shaba, walihitaji mitetemo ya mamia ya maelfu kwa sekunde. Koili zikaikata yote. Ikabidi mafundi wafungue mashimo, wakitafuta koili moja moja kuzing'oa. Kilichookoa simu mwaka 1900 kikawa ndicho kizuizi miaka mia baadaye, kwa sababu ileile aliyoigundua Campbell.

Kitabu kitafuteni, hakimiliki yake Marekani imeshakwisha kwa hiyo nakala za bure zipo mtandaoni. Someni Idvor taratibu. Mkifika kwenye koili, chukueni kalamu, muandike pembeni ya ukurasa: Heaviside 1887, Campbell 1899. Kisha endeleeni kusoma.