Weupe wa liki hutengenezwa shimoni

Ukila supu ya liki na mchanga ukakwaruza meno, usikimbilie kumlaumu aliyeosha mboga. Kosa lilikwisha kufanyika miezi mitatu au minne nyuma, siku udongo ulipopandishwa kwenye mmea bila mtu kutazama majani yake yanaachania wapi. Wanaolima liki nyuma ya nyumba kule Lushoto, kwenye milima ya Usambara, mwinuko wa mita 1,400 hivi, wana njia mbili za kupata ile sehemu nyeupe inayotafutwa jikoni na sokoni. Zote mbili hutoa weupe, lakini moja huuleta pamoja na mchanga, na nashangaa kwamba hiyo ndiyo inayopendwa zaidi.

Ili kuona tofauti, mmea wenyewe uchanwe kwanza. Liki haina shina refu. Kile kipande cha mviringo tunachokishika ni ala za majani zilizoviringana, moja ndani ya nyingine, kama lilivyo gogo la mgomba. Shina halisi ni kile kitako kigumu cha chini, chembamba kama sarafu chache zilizopangwa, ambako mizizi huanzia. Ncha ya ukuaji iko papo hapo. Kila jani jipya huzaliwa katikati, hupenya juu ndani ya yale yaliyolitangulia, na yale ya zamani husukumwa nje. Juu kabisa majani yanapoachana huacha pembe iliyo wazi, na chochote kinachodondokea humo, chembe ya udongo au tone la matope lililorushwa na mvua, hubanwa kati ya ala mbili. Hakitoki tena mpaka kisu kipite.

Weupe nao una sababu nyepesi. Ala isiyopata mwanga haitengenezi klorofili, hubaki laini na hurefuka zaidi. Aina ya mbegu huweka mipaka tu: Musselburgh ya Uskoti ni nene na fupi, nyingine huelekea urefu. Lakini mbegu yoyote ile ukiiacha juani bila kuifunika itakupa kijani kigumu karibu mpaka kwenye mizizi. Kazi ya mkulima, basi, ni kuunyima mwanga mwili wa mmea huku akiiacha ile pembe ya majani wazi na safi. Ugumu wote wa liki umo katika sharti hili la pili.

Njia iliyozoeleka ni kuinulia udongo. Mche hupandwa chini kidogo, kisha kila baada ya wiki kadhaa jembe husogeza udongo kutoka pembeni na kuulundika. Inaeleweka kwa nini imeshika mizizi Usambara: huko ni nchi ya viazi mviringo, na mkono uliozoea kuinulia viazi haufikiri mara mbili ukifika kwenye liki. Kiazi hakijali udongo ukikiangukia majanini, liki inajali. Jembe moja la haraka likipita juu ya pembe ya majani, mchanga umeshaingia, na jani linalofuata litaufungia ndani. Njia hii inafaa kwa shamba kubwa, ambako kutoboa shimo kwa kila mche ni kujitesa. Kwa bustani ya nyumbani sioni sababu ya kuichagua.

Njia ya pili ni ya shimo. Unachukua kijiti chenye ncha, unene wa mpini wa jembe, na kutoboa tundu la kina cha sentimita 15 hadi 20. Mche wenye unene wa penseli na urefu wa sentimita 20 au zaidi unadumbukizwa humo mpaka mizizi iguse chini, majani yakichungulia nje. Halafu linakuja jambo ambalo mikono ya wengi hukataa kulifanya: tundu halifukiwi. Unamimina maji tu. Maji hayo huteremsha udongo kidogo, wa kutosha kufunika mizizi, na sehemu iliyobaki ya tundu hubaki tupu. Mche unanenepa ndani ya giza bila kubanwa, na kwa wiki zinazofuata umwagiliaji na palizi hujaza tundu polepole kutoka pembeni. Pembe ya majani ilikuwa juu ya ardhi tangu siku ya kwanza, na inazidi kupanda kadiri mmea unavyokua. Hakuna aliyeilundikia chochote.

Shimo lina udhaifu wake, nao ni maji kutuama. Udongo mwekundu wa mfinyanzi ukipigwa na masika hugeuza kila tundu kuwa kikombe, na kitako cha mche huoza. Dawa ni tuta lililoinuliwa na kuchanganywa mboji ya kutosha, na kalenda yenye akili. Mbegu husiwa kitaluni Machi au mwanzoni mwa Aprili, chini ya kichanja chepesi kinachozuia matone mazito. Miche huhamishwa mwisho wa Mei au Juni, mvua zinapopungua. Miezi ya baridi inayofuata ndiyo liki inayoipenda, maana hukua vizuri zaidi kati ya nyuzijoto 13 na 24, na mavuno huanza Septemba au Oktoba. Mahali penye mvua zisizotabirika, bomba la plastiki lililokatwa au karatasi ngumu iliyozungushwa kwenye mmea hufanya kazi ile ile ya giza bila kugusa udongo. Wakulima wa mashindano kaskazini mashariki mwa Uingereza, kwenye miji ya Northumberland na Durham iliyokuwa ya wachimba makaa ya mawe, wameifikisha mbinu hiyo mbali mno. Wanayo hata daraja la liki fupi ambalo sehemu nyeupe haitakiwi kuzidi sentimita 15, na ushindi huamuliwa na unene. Sisi wa sufuria hatuna haja ya kufika huko.

Kitaluni subira inahitajika. Mbegu ya liki huchukua siku 10 hadi 14 kuchipua, joto la udongo likizidi nyuzi 30 nyingi hazitokezi, na uhai wake hupungua haraka kiasi kwamba pakiti ya mwaka juzi ni bahati nasibu. Kutoka kusia hadi kuhamisha ni wiki 8 hadi 10. Wapo wanaokata nusu ya majani siku ya kuhamisha wakidai wanapunguza mche kunyauka. Siafiki. Majani ndiyo yanayoulisha mmea, na mche uliokatwa huanza safari ukiwa na njaa. Mizizi mirefu kupita kiasi unaweza kuipunguza kidogo ili iteremke shimoni bila kukunjika, lakini majani yaache.

Nafasi ya sentimita 15 kati ya mche na mche, na 30 kati ya mistari, inatosha. Tuta la upana wa mita 1 na urefu wa mita 3 litabeba mistari mitatu ya miche 20, yaani 60. Kwa nyumba inayotumia liki tatu kwa wiki, hizo ni wiki 20 za mboga, na hesabu hiyo si ya kinadharia tu. Kitunguu maji husubiri urefu wa mchana ukiambie kikaze tunguu, kisha majani huanguka na lazima kivunwe. Liki haifungi tunguu, haina siku ya kukomaa inayokupigia hodi. Ikishafika unene wa kidole gumba inalika, na ukiiacha ardhini itaendelea kunenepa kwa miezi. Kwa hiyo uvunaji bora ni wa kuruka: ng'oa mmoja, acha mmoja, na uliobaki upate sentimita 30 za kupumulia. Ghala la liki ni tuta lenyewe.

Kinachoweza kulivunja ghala hilo ni ua. Liki ni mmea wa miaka miwili, na huchanua baada ya kupata baridi kwa wiki nyingi na kisha mchana mrefu. Katika nchi za joto hali hizo hukutana kwa nadra, ndiyo maana mbegu madukani hutoka ng'ambo. Mmea mmoja mmoja ukijisahau na kusukuma mhimili wa ua, ung'oe siku hiyo hiyo, kwa sababu mhimili huo ni mgumu kama kijiti na hakuna moto utakaoulainisha.

Kuhusu chakula cha mmea sina mengi: samadi iliyooza vizuri kabla ya kupanda, nyongeza ya naitrojeni mara moja au mbili, na maji ya mara kwa mara kwa kuwa mizizi haiendi kina kirefu. Wadudu na magonjwa yanafuata hali ya hewa. Kukiwa kukavu, thripsi hukwangua majani na kuacha michirizi ya rangi ya fedha. Kukiwa na unyevu na ubaridi, vidonda vya rangi ya machungwa vya kutu hujitokeza. Matandazo ya majani makavu husaidia kuzuia matone yasirushe udongo kwenye pembe, na kubadilisha tuta kila msimu, usifuatishe liki baada ya kitunguu au kitunguu saumu, hupunguza maradhi ya udongoni. Wa Dar es Salaam na Tanga mjini watapambana na joto. Wapande kuelekea Juni, watafute kivuli cha mchana, na waridhike na liki nyembamba, ambayo kwa ladha haina upungufu wowote.

Siku ya kuvuna usivute kwa nguvu ukishika majani. Mizizi yake ni mingi, myeupe, imeshikana na udongo kuliko unavyodhani, na liki itakatikia mkononi. Ingiza jembe uma pembeni, nyanyua udongo, kisha vuta taratibu. Kung'uta hapo hapo.

Jikoni maumbile yale yale yanaendelea kutoa amri. Pasua liki kwa urefu kuanzia juu, ukiacha kitako kizima, ifunue majani kama kurasa na kuielekeza chini ili maji yakiteremka yatoke na uchafu. Ya shimo mara nyingi huhitaji beseni moja la maji. Ya kulundikiwa iikate vipande kwanza, ivuruge kwenye beseni, iache itulie, kisha iokote kwa mikono. Ukiimwaga kwenye chujio unairudishia mchanga wake.

Moto uwe mdogo na mfuniko uwepo. Nyuzi za ala hukimbia kwa urefu, hivyo kata vipande vyembamba kwa upana ili ulimi usizikute ndefu. Siagi au mafuta kidogo, chumvi, na dakika 10 hadi 15 za kulainika bila kubadilika rangi, maana liki ikiungua inageuka chungu na utamu wake wote unapotea. Kosa ninalolikuta kwenye majiko mengi ni kuifanya kitunguu: kuikaanga ikawa kahawia, kisha nyanya juu yake. Tindikali ya nyanya huzuia kuta za mboga kulainika, na ladha ya liki ni ya upole, haiwezi kushindana. Viazi mviringo vya Lushoto vinaifaa zaidi. Ilainishe, ongeza viazi na maji, chemsha mpaka viazi vipondeke, malizia na maziwa au tui la kwanza. Mayai ya kuvuruga yanaipenda pia, na samaki mweupe wa kuchemsha.

Majani ya kijani yaliyo karibu na pembe yachemshe kwenye supu ya mifupa, kisha yatoe. Yale magumu ya nje peleka kwenye mboji. Usiyamwage horini kwa wingi, hasa kwa ng'ombe wa maziwa: jamii nzima ya vitunguu ina viini vya salfa vinavyoharibu chembe nyekundu za damu ya mnyama, na hata kiasi kidogo kitasikika kwenye maziwa ya asubuhi.