Mganda na Swali la Kuufanya Upya

Wako wasemao kwamba mganda, ngoma ya wanaume wa Mbinga na pwani ya Ziwa Nyasa, umechakaa, na kwamba yafaa ufupishwe ili uwapendeze watazamaji wa majukwaani. Wako na wasemao usiguswe kabisa. Pande zote mbili zasahau asili yake.

Mganda si urithi wa kale na kale. Terence Ranger, katika kitabu chake juu ya beni kilichotoka mwaka 1975, aliuweka katika ukoo wa ngoma zilizoiga gwaride la askari wa wakoloni, ukoo uliostawi baada ya Vita Kuu ya 1914–1918. Safu zilizonyoka, mavazi meupe, vyeo, na vibuyu vinavyovumishwa mithili ya tarumbeta, vyote vilikuwa mambo mapya siku zile. Asemaye usibadilike akataa jambo lile lile lililouzaa.

Walakini upya ule ulichaguliwa na wachezaji wenyewe, ukahukumiwa na kijiji jirani katika mashindano. Ufupisho wa jukwaani huhukumiwa na saa. Nao hukata kwanza nyimbo, ambamo kijiji husifu, husuta na kutoa habari zake; kwa mtazamaji asiyejua Kimatengo wala Kimanda, zilizosalia ni nyayo tu.

Basi mganda na ubadilike, kama ulivyobadilika tangu mwanzo. Ila mwamuzi wa mabadiliko hayo awe yule ayaelewaye maneno yake.