Bunduki ya Rangi Hupimwa kwa Kidonge cha Kumi

Ukienda kukodi au kununua bunduki ya rangi, ya mchezo wa paintball, hapa Kampala, usihadaike na mtutu mrefu wala darubini iliyofungwa juu yake. Bunduki njema hurusha kidonge cha rangi cha kumi kwa mwendo uleule wa cha kwanza. Omba kipima mwendo. Kikomo cha mwendo mchezoni ni mita 91 hivi kwa sekunde. Namba zikipishana kwa mita 3, ichukue. Zikirukaruka kwa mita 10, iache hata kama inang'aa.

Mara nyingi chanzo cha kurukaruka huko ni gesi. Kabonidayoksaidi hukaa mtungini ikiwa majimaji, na mgandamizo wake hufuata joto: kwenye nyuzi 20 ni bar 57 hivi, kwenye nyuzi 30 ni 72. Mtungi uliolala juani saa nane mchana umebadilika kabisa tangu asubuhi, kwa hiyo fundi aliyepima asubuhi pekee hajapima. Ukifyatua mfululizo, gesi hupoa na mwendo hushuka. Tatizo hili limekuwepo tangu mchezo uanze New Hampshire, Marekani, mwaka 1981, kwa bastola za kutilia alama miti na ng'ombe zilizotumia gesi hiyohiyo. Ukiwa na fedha ya badiliko moja tu, nunua mtungi wa hewa iliyoshindiliwa wenye regulata yake ya kutuliza mgandamizo.

Lakini kwanza ziba mvujo. Paka maji ya sabuni. Povu likitoka shingoni mwa mtungi, badilisha oringi. Hewa ikitokea mdomoni mwa mtutu, kwa bunduki aina ya Tippmann 98 anza na sili ya vali. Fundi wa kweli huondoa mtungi, hufyatua mabaki upande salama, kinyago usoni, ndipo ashike bisibisi. Asiyefanya hivyo usimpe bunduki yako.

Vidonge navyo vina ngozi ya jelatini inayonyonya unyevu. Majira ya mvua, boksi likiachwa wazi, huvimba na kupasukia ndani, kisha mtutu ukalaumiwa. Tia kimoja mtutuni: kisiporomoke chenyewe, ila pumzi yako ikisukume nje. Mtutu huchaguliwa kwa upana wa tundu lake. Urefu wa zaidi ya sentimita 30 hauongezi shabaha, unakula gesi tu.

Kifyatulio cha umeme nakiweka mwisho, namba zikishatulia, maana kwenye bunduki inayovuja kinamaliza mtungi kabla mchezo haujafika nusu.