Karata 52 kwa mfuatano wake

Mezani pana pakiti mbili za karata na saa inayoanza kuhesabu viganja vikiinuliwa. Mshindani wa mashindano ya kumbukumbu amevaa viziba masikio. Pakiti ya kwanza imechanganywa. Mikono inainuka, gumba la kushoto linaanza kusukuma karata tatutatu kwenda kulia. Midomo haichezi.

Mwaka 1956 mwanasaikolojia Mmarekani George Miller aliandika kwamba akili hushika kwa muda mfupi vitu saba hivi. Mwaka 2001 Nelson Cowan akashusha hadi vinne. Karata ni 52, tena zenye kufanana!

Ila mshindani huyu kazi yake aliianza miezi mingi nyuma, alipokaa akaipa kila karata mtu, kitendo na kifaa. Tuseme ree la shupaza ni babu anayechonga mwiko, mfalme wa kopa ni mama anayekaanga maandazi, saba ya uru ni fundi anayeshona kwa cherehani. Zikifuatana hivyo, anachukua mtu wa kwanza, kitendo cha pili, kifaa cha tatu: babu anakaanga cherehani. Mbili za mwanzo zikipishana, mama ndiye anayechonga cherehani. Mfuatano umo ndani ya picha yenyewe.

Kisha picha inawekwa mahali. Nyumba anayoijua pembe zote inamfaa: baraza, mlango, ukumbi, jiko, ua. Babu na cherehani inayochuruzika mafuta wanabaki barazani, tatu zinazofuata zinakaa mlangoni. Vituo 18 vinatosha, cha mwisho kikibeba karata moja tu. Hawezi kuruka kituo, maana hafiki uani bila kupita mlangoni.

Mwandishi Joshua Foer, baada ya takriban mwaka wa mazoezi, alimaliza pakiti kwa dakika 1 na sekunde 40 mwaka 2006. Siku hizi wapo wanaoshuka chini ya sekunde 15.

Mbio hizo hazinishangazi kama kinachofuata. Saa imesimama, naye mshindani hagusi kitu. Amefumba macho, anaipitia nyumba upya, anakawia pale picha ilipofifia. Ndipo anaivuta pakiti ya pili na kuipanga, akiwa na dakika tano.

Mwamuzi anafunua pakiti zote mbili, karata kwa karata. Moja ikitofautiana, hesabu inakomea hapo, hata kama zilizobaki zote ni sawa.