Kikapu Kisichobeba Kitu

Asubuhi sokoni Mkuyuni, hapa Nyamagana, akina mama hupita na vikapu vya ukindu, wala hakuna ageukaye kutazama. Kikapu ni chombo cha kuchukulia dagaa na mihogo, basi. Kwa hiyo wasomaji wengi watastaajabu wakisikia kwamba vyombo vya namna hii, kutoka ng'ambo ya ziwa letu, vilitundikwa mbele ya watu wa mataifa mengi.

Aliyevitundika ni Bibi Acaye Kerunen wa Uganda. Mwaka 2022 nchi hiyo ilipata banda lake kwa mara ya kwanza katika maonyesho makubwa ya sanaa ya Venice, Italia, na kazi zake ziliwekwa humo pamoja na za Bwana Collin Sekajugo. Waamuzi walilitaja banda hilo kwa sifa ya pekee. Bibi huyu huchukua vitu vilivyosukwa na wanawake wa kwao, huvifumua, kisha huviunga upya kwa kushona. Hutumia nyuzi za migomba, ukindu, matete, mabua ya mtama na nguo za magome ya miti, hata kipatikane kitu kikubwa kisicho mkeka wala kikapu.

Kazi hizo tumeziona katika picha tu, nasi twasema tulivyoona. Twazisifu, kwa kuwa jicho lililozoea halioni. Chombo kikiisha kuondolewa kazi yake, mtazamaji hana budi kuuliza kilisukwaje, na kwa mikono ya nani.

Walakini tuna neno la kulaumu. Uzuri wa kikapu si rangi peke yake. Kitako ni kipana ili kisimame. Ukingo umekazwa ili usichanike mzigo unapozidi. Hiyo ndiyo akili ya msukaji. Kikifumuliwa, akili hiyo hupotea, na mgeni huona mapambo matupu. Tazama mfano wa kwetu: katika makumbusho ya Wasukuma ya Bujora, kule Kisesa, yaliyoanzishwa na Padre David Clement, liko jengo la vitu vya watemi lililojengwa kwa umbo la kiti cha mtemi. Kiti kimekuzwa kikawa nyumba, na bado chatambulikana.

Hata hivyo liko jambo lililotufunga kinywa. Mwaka 2024 Bibi Kerunen alilisimamia banda la Uganda, likaitwa Wan Acel, yaani Sisi ni Wamoja. Na kikundi cha wasukaji kikahesabiwa miongoni mwa wasanii wenyewe. Hiyo ni haki, maana mara nyingi jina la mwenye kutundika hujulikana, na la mwenye kusuka husahauliwa.

Na sisi je? Walimu twaziweka kazi za mikono katika kipindi cha mwisho, watoto wakiwa wamechoka. Wazazi twanunua ndoo za plastiki bila neno, lakini kwa msukaji twataka apunguze bei ya kazi ya siku nyingi. Binti zetu wameyaona hayo, nao hawataki tena kujifunza.

Basi, ndugu, tusingoje watu wa Venice watufundishe. Kipindue kikapu kilichomo nyumbani mwako, ukitazame kitako chake, kisha umwulize bibi aliyekisuka alianzia wapi. Umpeleke na binti yako akajifunze, maadamu bibi yungali hai.